Ngao na Golbanti: Nyumba Mbili za Misheni na Lugha Tatu za Mto Tana

UTANGULIZI

Historia ya jumuiya ya kidini katika mji au kijiji kidogo huandikwa mara nyingi na wafuasi wa jumuiya yenyewe. Wao huhesabu waasisi, majengo, ubatizo na makaburi. Historia ya namna hiyo ina thamani yake, lakini huacha kando jambo moja ambalo wanafunzi wa lugha hawana budi kulishughulikia, nalo ni kwamba kila nyumba ya dini iliyojengwa katika Afrika ya Mashariki katika karne ya 19 ilikuwa pia nyumba ya lugha. Kabla ya kuhubiri, mgeni alilazimika kuamua atahubiri kwa lugha ipi. Kabla ya kuchapisha kitabu, alilazimika kuamua ni lugha gani itakayopata kitabu na ni ipi itakayokikosa. Uamuzi huo ulifanywa na watu wachache, mara nyingi kwa haraka, na wakati mwingine kwa habari zilizokuwa zimepitwa na wakati. Lakini matokeo yake yamedumu kuliko majengo yao.

Makala haya yanachunguza uamuzi huo kama ulivyofanyika katika sehemu ya chini ya mto Tana nchini Kenya, yaani katika nchi ya Garsen, Wema, Ngao na Golbanti. Hapo, katika miaka ya 1880, zilijengwa nyumba mbili za misheni karibu karibu: moja ya Waingereza wa madhehebu ya Methodisti huko Golbanti, na nyingine ya Wajerumani wa Neukirchen huko Ngao. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba misheni hizo zilivutwa mtoni na lugha moja, zikaishia kuandika lugha ya pili, na hatimaye zikawa mlango wa lugha ya tatu. Lugha ya kwanza ni Kioromo, ya pili ni Kipokomo, na ya tatu ni Kiswahili. Tena itaonyeshwa kwamba ule undugu wa Kipokomo na Kiswahili uliowarahisishia wageni kazi ya kukiandika Kipokomo ndio huo huo uliokuja kukinyima Kipokomo vitabu.

MTO NA WENYEWE

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Wapokomo huuita Tsana. Unapofika Garsen huwa umekwisha kupita katika nchi kavu kwa mamia ya maili, nao huanza kutawanyika katika mabonde, maziwa na mikono mingi kabla ya kuingia baharini upande wa Kipini. Kilimo cha huko kilitegemea mafuriko. Maji yalipopanda yaliacha tope lenye rutuba, na maji yaliposhuka watu walipanda mpunga, mahindi na migomba kandokando ya mto. Kwa sababu hiyo Mpokomo hakuweza kukaa mbali na maji, na vijiji vyake vilijipanga ukingoni kama shanga katika uzi. Wema ni kimojawapo cha vijiji vya namna hiyo.

Wapokomo wenyewe hujigawa katika makundi kufuata mto. Upande wa chini kuna Wabuu, Wangatana, Wadzunza, Wakalindi na Wamwina. Upande wa juu kuna Wazubaki, Wandura, Wakinakomba, Wagwano na wengineo. Mamlaka ya jadi yalikuwa mikononi mwa wazee, na alama kuu ya mamlaka hayo ilikuwa ngadzi, ngoma kubwa iliyofichwa msituni ambayo sauti yake ilisikika na wote lakini umbo lake halikuruhusiwa kuonwa ila na waliostahili. Ngadzi mojawapo ilitwaliwa na maofisa wa serikali ya kikoloni na kufika katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London mwaka 1908, na huko ndiko ilikobaki.

Nyuma ya vijiji hivyo, katika mbuga za pande zote mbili za mto, walichunga Waorma, ambao ni tawi la kusini la Waoromo, na ambao maandishi ya zamani huwaita Wagalla, jina wasilolipenda wenyewe. Kwa muda mrefu Waorma walikuwa na nguvu kuliko Wapokomo, na Wapokomo wengi walijifunza lugha ya wachungaji hao. Ushahidi wa uhusiano huo umo katika lugha mpaka leo. Waelwana wa upande wa juu, ambao pia huitwa Wamalakote, wanasema lugha ya Kibantu iliyoathiriwa sana na Kiorma, na Wamunyoyaya, walio jirani zao mtoni, wanasema lahaja ya Kiorma chenyewe.

Karibu na mlango wa mto, katika miji ya Kau na Kipini, na mbele zaidi huko Witu, Pate na Lamu, walikaa Waswahili. Wao walinunua mpunga wa Wapokomo, waliwatoza ushuru, na walikuwa na fasihi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu tangu zamani. Masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa ambaye habari zake hutajwa sana katika nchi ya Ozi na Kipini, yalijulikana pia kwa Wapokomo, nao walikuwa na kumbukumbu zao wenyewe juu yake. Kwa hiyo misheni zilipokuja hazikukuta nchi isiyo na historia ya lugha. Zilikuta lugha tatu zilizokwisha kupangana: ya wenye ng'ombe, ya wenye mashamba, na ya wenye majahazi na maandishi.

NDOTO YA KRAPF

Mtu aliyeielekeza misheni mtoni hakuwahi kukaa huko. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumikia shirika la Kiingereza la Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka 1844 baada ya kufukuzwa Uhabeshi. Akiwa Uhabeshi alikuwa amewaona Waoromo wa kaskazini, akavutiwa na wingi wao na ukubwa wa nchi yao. Aliamini kwamba taifa hilo likiongoka litaiongoza Afrika yote ya Mashariki, hata akalibunia jina la Ormania. Alipokuja pwani ya Kiswahili alikuwa akitafuta njia ya kuwafikia kutoka kusini. Kwa kweli kujifunza kwake Kiswahili, ambako sisi wa leo tunakuhesabu kuwa mwanzo wa isimu ya Kiswahili katika Ulaya, kwake yeye kulikuwa ni hatua ya njiani tu.

Mwaka 1850 Krapf alichapisha vitabu viwili huko Tübingen. Kimoja kilikuwa muhtasari wa sarufi ya Kiswahili. Cha pili kilikuwa orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kihiyao na Kigalla. Kwa hiyo lugha zote tatu za Tana ya chini ziliwekwa pamoja katika kitabu kimoja zaidi ya miaka 30 kabla ya misheni yoyote kujengwa mtoni. Lakini katika mipango ya Krapf hazikuwa sawa. Kigalla kilikuwa shabaha, Kiswahili kilikuwa njia, na Kipokomo kilikuwa lugha mojawapo ya kando ya njia.

Krapf aliporudi Ulaya aliwashawishi Waingereza wa United Methodist Free Churches kuichukua kazi hiyo. Mwaka 1862 Thomas Wakefield alifika pwani, na mwaka uliofuata alifuatwa na Charles New. Walijenga Ribe, karibu na Mombasa, lakini shabaha yao iliendelea kuwa Waoromo. Mwaka 1865 Wakefield alisafiri kwenda kuwatembelea Waoromo wa kusini, na habari za safari hiyo zilitolewa London mwaka uliofuata. Miaka 20 ilipita kabla ndoto hiyo haijapata nyumba.

GOLBANTI

Kituo cha Golbanti kilianzishwa katikati ya miaka ya 1880 kwa ajili ya Waoromo. Hapo ndipo historia ilipoigeuka mipango. Waoromo wa kusini aliowasikia Krapf walikuwa taifa lenye nguvu. Waoromo waliokutwa na wamishonari walikuwa wamedhoofishwa na mashambulizi ya Wasomali kutoka kaskazini na ya Wamasai kutoka magharibi. Mbuga zilikuwa zimepungukiwa na watu na ng'ombe. Misheni ilikuwa imefuata sifa ya zamani, kama msafiri afuataye moshi wa kambi iliyokwisha kuhama.

Zaidi ya hayo, kukaa karibu na wenye ng'ombe kulikuwa ni kukaa katika njia ya wavamizi. Mwezi wa Mei 1886 Wamasai waliishambulia Golbanti, na mmishonari John Houghton na mkewe Annie waliuawa pamoja na baadhi ya watu wengine wa hapo. Walikuwa bado wageni mtoni. Habari za kuuawa kwao zilienea sana katika makanisa ya Methodisti nchini Uingereza, na zikawa sababu ya kuendelea badala ya kuacha, kwa kuwa kituo chenye kaburi ni vigumu kukifunga.

Baada ya msiba huo kazi iliendelezwa na watu kadhaa. Miongoni mwao alikuwepo W. H. During, Mwafrika wa Sierra Leone, na katika miaka ya 1890 alikuwepo Robert Moss Ormerod. Kuwepo kwa During kunastahili kuangaliwa. Si kila mgeni wa dini aliyefika Tana alikuwa Mzungu. Mmoja wa waliokuwa wakitafuta maneno ya kuwaambia watu wa mto alikuwa Mwafrika wa upande wa pili wa bara, ambaye lugha za hapo zilikuwa ngeni kwake kama zilivyokuwa kwa Mwingereza.

Kilichotokea Golbanti polepole ni kwamba waliosikiliza hawakuwa wale waliokusudiwa. Mchungaji wa ng'ombe huhama na mifugo. Mkulima wa mpunga hukaa. Shule yahitaji mtoto atakayekuwepo kesho, na mtoto huyo alikuwa Mpokomo. Isitoshe, Mpokomo alikuwa na sababu zake za kumkaribia mgeni. Alikuwa akibanwa na wachungaji upande mmoja na watoza ushuru wa pwani upande mwingine, na nyumba ya misheni ilikuwa nguvu ya tatu ambayo ingeweza kumwombea. Hivyo kituo kilichojengwa kwa ajili ya Waoromo kikawa kanisa la Wapokomo, bila ya mkutano wowote kuamua hivyo.

NGAO

Nyumba ya pili ilikuja kwa njia nyingine. Neukirchen ni mji mdogo wa Ujerumani, karibu na mto Rhein. Huko mchungaji Ludwig Doll alianzisha nyumba ya yatima mwaka 1878, na miaka michache baadaye akaongeza chuo cha kuwafunza wamishonari. Doll alifariki mwaka 1883, lakini kazi yake iliendelea. Misheni hii haikuwa tajiri. Ilisimama juu ya imani kwamba riziki italetwa na Mungu bila ya kuombwa kwa watu, na wanafunzi wake wengi walikuwa vijana wa mashambani na mafundi wa kazi za mikono.

Mwaka 1887 watu wa Neukirchen walifika pwani ya Lamu na kuingia nchi ya Tana, na Ngao ikawa makao yao. Wakati huo haukuwa wa kawaida. Mwaka 1878 Clemens Denhardt na daktari G. A. Fischer walikuwa wamesafiri mtoni, na mwezi wa Aprili 1885 ndugu Denhardt walipatana na Ahmed, Sultani wa Witu aliyejulikana kwa jina la Simba, na mwezi uliofuata Ujerumani ikaitangaza Witu kuwa chini ya himaya yake. Kwa hiyo misheni ya Ngao ilionekana na wengi kuwa ni mkono wa dola ya Kijerumani, hata kama waasisi wake hawakupenda kuonekana hivyo. Mwaka 1889 Carl Peters alipanda Tana na kundi lake lenye silaha, akitoa sababu ya kwenda kumwokoa Emin Pasha, naye alipita katika vituo vya misheni vya sehemu ya chini kabla ya kuendelea juu, ambako aliacha damu.

Mambo yaligeuka upesi. Kwa mapatano ya tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu, ikapata kisiwa cha Heligoland. Mwezi wa Septemba mwaka huo Wajerumani kadhaa waliuawa Witu, na mwezi wa Oktoba wanamaji wa Kiingereza waliuchoma mji. Ngao ikawa misheni ya Kijerumani katika nchi ya Waingereza. Hali hiyo iliwaondolea wamishonari wa Ngao matumaini yoyote ya kutegemea dola yao, na huenda ndiyo iliyowafanya wategemee zaidi kitu kimoja walichokuwa nacho, yaani ujuzi wa lugha ya watu waliokaa nao.

WÜRTZ NA MAANDISHI YA KIPOKOMO

Mjuzi mkuu wa lugha katika nyumba ya Ngao alikuwa Ferdinand Würtz. Kati ya miaka ya mwisho ya 1880 na mwaka 1896 alichapisha mfululizo wa maandishi juu ya Kipokomo: sarufi, orodha za maneno, na nyimbo. Maandishi ya mwanzo yalitolewa katika jarida la lugha za Kiafrika lililohaririwa Berlin na C. G. Büttner, yule yule aliyekusanya na kuchapisha maandiko ya Waswahili. Mengine yalitolewa katika jarida lililohaririwa na A. Seidel. Miongoni mwake ilikuwemo kamusi iliyoweka pamoja Kipokomo na Kitikuu, lahaja ya Waswahili wa kaskazini. Kuwekwa pamoja huko hakukuwa kwa bahati. Würtz alikuwa ametambua kwamba lugha ya mtoni na lugha ya visiwani zinahitaji kusomwa pamoja.

Yafaa kueleza kwa nini jambo hilo liliwezekana. Mtu aliyefika mtoni mwaka 1887 akiwa ameshika kitabu cha Krapf cha mwaka 1850, kamusi yake ya Kiswahili ya mwaka 1882, au kitabu cha Steere cha mwaka 1870, alikuwa tayari na ramani. Mfumo wa ngeli, viambishi vya nafsi, vitenzi vya kutendea na kutendesha, vyote hivyo alivikuta katika Kipokomo kwa sura zilizokaribiana na zile alizozijua. Isimu ya siku zetu imeeleza sababu yake. Utafiti wa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch umeonyesha kwamba Kiswahili, Kipokomo, Kielwana, lugha za Wamijikenda na za Wangazija ni watoto wa lugha mama moja, ambayo wataalamu hao wameipa jina la Sabaki. Kipokomo, kwa maneno mengine, si lugha iliyokopa mfumo wa Kiswahili wala si lahaja iliyopotoka. Ni ndugu wa tumbo moja. Kioromo ni lugha ya Kikushi. Kwa mtu aliyepitia mlango wa Kiswahili, Kipokomo kilikuwa chumba cha pili cha nyumba ile ile, na Kioromo kilikuwa nyumba nyingine kabisa. Hivyo hata sarufi ilisaidia kuigeuza misheni kutoka kwa mchungaji na kuielekeza kwa mkulima.

Kazi hiyo ilifuatwa na tafsiri za maandiko matakatifu. Injili ilitangulia katika miaka ya 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 Agano Jipya lilikuwa limechapishwa katika lugha ya Wapokomo wa chini. Hilo lilikuwa tendo kubwa kwa lugha ya watu wachache. Wakati huo lugha nyingi za Kenya zenye wasemaji wengi zaidi zilikuwa hazijapata kitabu cha namna hiyo.

Hata hivyo haifai kuusahau upande wa pili. Lugha iliyoandikwa ni lahaja ya sehemu moja ya mto, na Mpokomo wa juu aliiona kuwa ni ya wengine. Tena maandishi hayo yalikuwa ya dini ya wageni. Nyimbo za Wapokomo ziliingia katika majarida ya Berlin, lakini kitabu kilichorudi Ngao mikononi mwa wasomaji hakikuwa kitabu cha nyimbo zao. Mtoto wa Ngao alijifunza kusoma lugha ya mama yake bila ya kukuta ndani ya kitabu yale ambayo mama yake aliyaimba. Lugha ilipata herufi, lakini fasihi yake ilibaki nje ya mlango.

KISWAHILI CHAINGIA

Vita vikuu vya kwanza vya dunia, vilivyoanza mwaka 1914, viliwafanya watu wa Ngao kuwa raia wa adui. Kazi yao ilikatizwa, na ingawa walirudi baada ya vita, mwaka 1939 mambo hayo hayo yalitokea tena. Hatimaye kazi ya Neukirchen katika Tana iliingia mikononi mwa Wamethodisti, na nyumba mbili zikawa moja. Wamethodisti wenyewe walikuwa wamebadilika. Madhehebu yaliyomtuma Wakefield yaliungana na mengine mwaka 1907, na tena mwaka 1932. Tangu mwaka 1912 walikuwa na kazi Meru pia, ambako ilikua haraka. Kanisa la Methodisti la Kenya lilipata kujitawala mwaka 1967.

Kuungana huko kulikuwa na maana kwa lugha. Misheni ya Neukirchen katika Kenya ilikuwa misheni ya mto mmoja, na Kipokomo kilikuwa ndicho lugha yake. Kanisa lililoenea kutoka Tana mpaka Meru halikuweza kuwa hivyo. Mhubiri, mwalimu au mwuguzi aliyetumwa Ngao angeweza kuwa Mmeru au Mmijikenda, na lugha iliyomuunganisha na watu ilikuwa Kiswahili. Maandiko ya Kiswahili yalikuwepo tayari: Biblia ya Kimvita ilikuwa imetoka mwaka 1914, na mwaka 1952 ilitoka ile ya Kiswahili sanifu iliyokusudiwa nchi zote. Nje ya kanisa nguvu zilikuwa kubwa zaidi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki. Tangu hapo vitabu vya shule vilikuwa na lugha yake, na lugha hiyo haikuwa Kipokomo, wala haikuwa Kimvita, wala Kiamu, lahaja iliyokuwa jirani zaidi na watu wa Tana.

Wapokomo wa juu walifika mahali hapo hapo kwa njia tofauti. Wao, kwa sehemu kubwa, walisilimu katika miaka ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Uislamu ulipanda mto pamoja na biashara, na Kiswahili kilipanda pamoja nao. Mwanafunzi wa lugha akiutazama mto mzima ataona jambo la ajabu kidogo: dini mbili zilizoshindana ziliwaleta watu wa mto mmoja kwenye lugha moja. Tofauti ni kwamba upande wa chini palikuwa na kitabu cha Kipokomo, na kitabu hicho hakikuweza kuuzuia mwendo huo.

Kwa nini hakikuweza? Jibu la kwanza ni idadi ndogo ya wasemaji; lakini idadi peke yake haitoshi kueleza. Jibu la pili ni la kiisimu, na ni la kusikitisha. Kwa Mpokomo aliyekwisha kujua kusoma, Kiswahili hakikuwa mbali. Herufi ni zile zile, ngeli ni zile zile, na maneno mengi yanatambulikana. Mwenye kupanga shule au kuchapisha vitabu akiulizwa kwa nini asitoe kitabu cha Kipokomo, aliweza kujibu kwamba hakuna haja, kwa kuwa watu hawa wanaelewa Kiswahili. Jibu hilo halikuweza kutolewa kwa wasemaji wa lugha iliyo mbali na Kiswahili. Kwa hiyo undugu uliomwezesha Würtz kuandika sarufi katika muda mfupi ndio huo huo uliowapa wengine udhuru wa kutoandika chochote baada yake. Lugha ya mbali hupuuzwa kwa kuwa ni ngumu. Lugha ya ndugu hupuuzwa kwa kuwa ni rahisi.

Wachache waliendelea kuisikiliza. Alice Werner, aliyesafiri katika pwani ya Kenya kabla ya vita vya kwanza, alichapisha mwaka 1913 maelezo juu ya Wapokomo wa bonde la Tana, na baadaye aliyatumia masimulizi ya nchi hiyo alipochunguza habari za Liyongo. Lakini maandishi hayo yalikuwa ya Kiingereza kama yale ya Würtz yalivyokuwa ya Kijerumani. Elimu juu ya Kipokomo iliongezeka London na Berlin. Elimu kwa Kipokomo haikuongezeka Ngao.

HITIMISHO

Historia ya nyumba hizi mbili yatoa mafunzo matatu kwa wanafunzi wa lugha za Kiafrika.

Kwanza, mipango ya lugha iliyotungwa mbali na watu hugeuzwa na watu. Krapf alitaka Kioromo, na Golbanti ilijengwa kwa Kioromo. Lakini waliokaa darasani ndio waliochagua lugha ya darasa. Wamishonari walidhani kwamba wao ndio wanaowachagua Wapokomo, na ni kweli pia kwamba Wapokomo waliwachagua wao.

Pili, kitabu kimoja hakiifanyi lugha kuwa lugha ya maandishi. Kipokomo kilipata Agano Jipya mapema kuliko lugha nyingi za Kenya, lakini hakikupata gazeti, wala kitabu cha hadithi, wala kitabu cha kilimo, wala jumuiya yenye nguvu ya kuvitaka vitu hivyo. Nyumba ya dini iliweza kukilea kwa muda ilipokuwa nyumba ya mto mmoja. Ilipokuwa sehemu ya nyumba kubwa zaidi, malezi hayo yalikoma bila ya mtu kukusudia ubaya.

Tatu, na hili lawahusu hasa wanaofundisha Kiswahili, ushindi wa Kiswahili katika Tana haukuwa ushindi juu ya mgeni. Kila neno la Kipokomo linalosahauliwa kwa kuwa lipo la Kiswahili linalofanana nalo ni ushahidi mmoja unaopotea juu ya historia ya Kiswahili chenyewe. Mwanaisimu atakaye kujua Kiswahili kilikuwaje kabla ya kuingia Kiarabu kwa wingi hana budi kuwauliza ndugu zake, na ndugu mmojawapo yuko Wema na Ngao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na katika kifungu hicho hicho inaiagiza dola kuziendeleza lugha za watu wa Kenya. Amri hizo mbili hazipingani. Katika nchi ya Tana ya chini, ambako mwaka 2012 mapigano kati ya wakulima na wachungaji yaliua watu zaidi ya 100, lugha ambayo Mpokomo na Mworma hukutana ndani yake bila ya mmoja kuwa mwenyeji na mwingine mgeni ni jambo la lazima, na lugha hiyo ni Kiswahili. Lakini lazima ya kuwa na lugha ya kukutana haimlazimishi mtu kuiacha lugha aliyotoka nayo nyumbani.

Kuna mfano mmoja ambao kila Mkenya anaujua, ingawa wengi hawajui asili yake. Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, kamati ya watu watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume, ilipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa. Sauti waliyoichukua ilikuwa ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Maneno waliyoyatia yalikuwa ya Kiswahili, pamoja na ya Kiingereza. Kila siku ya taifa watu husimama wima kwa heshima ya sauti ambayo mama wa mtoni aliiimba akiwa ameketi, na maneno yake mwenyewe hayamo. Wimbo huo ni mzuri, na Kiswahili chake ni kizuri. Kazi iliyobaki ni kuyaandika yale maneno ya mama, na mengine yaliyofanana nayo, wakati wangali wapo wanaoyakumbuka.